Mtu Aliyekalia Duara kwa Mgongo

Tarumbeta letu lina tabia moja mbaya: linamwimbia aliye nyuma. Ukikaa mbele yangu utaona midomo yangu imekazana na macho yamenitoka, lakini sauti yenyewe inatokea mgongoni kwangu, kama mtu anayemsema jirani huku anakutazama wewe. Kitaalamu linaitwa honi ya Kifaransa. Hapa Ushirombo tunaliita konokono, maana bomba lake limejiviringisha mpaka hujui lilianzia wapi.

Tena lina jambo la pili. Mkono wa kulia unauingiza ndani ya ule mdomo wake mpana na unauacha humo. Ukiziba, sauti inakuwa ya puani, ukifungua, inarudi. Sisi tunajua ni kazi. Lakini huku kwetu kila mtu mzima amewahi kupekuliwa akitoka kwenye mwalo, pale dhahabu inapooshwa, kwa hiyo akikuona umekaa kimya, mkono umezama kwenye shaba, hakuulizi unapiga wimbo gani. Anajiuliza umeshika nini.

Parokia ilirithi makonokono manne kutoka kwa mapadri wa zamani, na hayo manne ndiyo kundi letu zima. Kiti cha kwanza ni cha Agapiti, baba yake Elieth. Cha pili Mwalimu Salvina. Cha tatu Bujiku, dereva wa bodaboda. Cha nne mimi, Kamili, chini kabisa, kwenye zile sauti ambazo watu wakizisikia wanageuka kutazama kama kuna lori linapita.

Mwalimu Salvina anafundisha sekondari, na alisomea muziki huko mjini. Mwaka huu alitutungia kitu kipya kwa ajili ya jubilei ya parokia. Si wimbo wa kuandamana, wala si wa kuingilia misa. Unaanza kwa pumzi tupu: wote wanne tunapuliza bila sauti, kama watu wanaopooza uji. Halafu inakuja sauti moja, nyingine inakuja kuigusa pembeni, zinasuguana, zinaachana. Siku ya kwanza katekista alikaa akasikiliza kwa heshima zote, mwisho akauliza, "Mwalimu, mtaanza saa ngapi?" Tulikuwa tumeshapita katikati.

Mwishoni mwa kazi hiyo ndipo palipokuwa na shida. Sisi watatu tunanyamaza, anabaki Agapiti peke yake na noti moja. Anaishikilia, anaipunguza, anaipunguza tena, mpaka mtu asiweze kusema imeisha lini. Na noti hiyo Agapiti ilikuwa inamkatikia. Kila mara, palepale, kama kamba iliyooza.

"Ni mafua," alikuwa anasema. Mafua yake yalikuwa na umri wa kuanza shule.

Jumamosi moja Mwalimu akaweka konokono lake magotini. "Baba Elieth," alisema, na alisema taratibu, "jubilei ni Jumapili ijayo. Ikikatika tena Jumamosi, nitamwita Gregory aje kutoka Shinyanga akae kiti cha kwanza. Sipendi, lakini kazi yote inaishia kwenye noti ile."

Agapiti amekaa kiti kile tangu kijana. Aliacha kazi ya karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu na kumrudisha mtu nyumbani akiwa mweupe kama mzungu wa unga, na tangu aache, kiti kile ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kuvalia shati safi. Kwa hiyo tulitegemea aseme neno. Aombe, au akasirike, au hata atoke nje akakohoe.

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Sawa ile haikunipendeza. Mtu akinyang'anywa kitu chake akasema sawa, ujue ana kingine.

Wiki ile hakuja mazoezini hata mara moja. Jumanne nikamkuta Bujiku kijiweni, amelala juu ya pikipiki yake kama mjusi.

"Nimemwona bwana mkubwa wako," aliniambia bila kufungua macho. "Anapandisha kule kwenye maduara ya zamani. Ana kiroba begani."

Duara ni shimo la mchimbaji mdogo, limenyooka kwenda chini kama kisima, kingo zimezuiwa kwa magogo. Yale ya mlimani yaliachwa baada ya maji kuingia. Hakuna mtu mwenye shughuli kule.

"Kiroba cha nini?" nikauliza.

"Ningekuwa najua ningekuwa bado nimelala hapa, msomi?"

"Kina umbo gani?"

Akafungua jicho moja. "Kama mtu aliyeiba usukani wa lori."

Tukatazamana. Konokono. Sasa mtu anabeba konokono la parokia kwenye kiroba kwenda mashimoni kufanya nini? Bujiku alisema anakwenda kuliuza kwa wanunuzi wa shaba chakavu, kwa hasira. Mimi nikasema mwenye hasira hasemi sawa. Labda amepata mwamba wenye dhahabu na konokono ni la kutudanganyia, tukimkuta aseme alikuwa anafanya mazoezi. Bujiku akakaa wima. Hiyo ilimwingia.

"Ndiyo maana hana habari na Gregory," akasema. "Tajiri hana haja na kiti cha mbao."

Tukaamua kwenda kwake, kwa ajili ya kumsalimia mke wake, yaani kupeleleza. Mama Elieth alikuwa anachambua mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja wawili na hamjabeba kitu. Semeni."

Bujiku akaanza kuzunguka, eti tumekuja kumjulia hali mzee na mafua yake. Mama Elieth akamwacha azunguke mpaka akachoka.

"Mafua mnayajua nyinyi," akasema. "Mimi ninachojua ni suruali. Anarudi na udongo hapa." Akajipiga kwa nyuma. "Nimeifua juzi, nimeifua jana. Namwuliza umefanya nini, anasema nilikaa. Ulikaa wapi? Chini. Ana viti ndani, anakwenda porini kukaa chini."

"Labda kuna mtu," Bujiku akasema. Mdomo wake hauna breki kama pikipiki yake.

"Mwanamke gani huyo hana hata mkeka?" Akapepeta mchele kwa nguvu kidogo kuliko ulivyohitaji. "Na si hilo tu. Akitoka huko anarudi anatabasamu. Tangu lini Agapiti anatabasamu siku ya kazi? Mfuateni. Ila habari inakuja kwangu kwanza. Si kwa Mwalimu, si kijiweni."

Alhamisi alasiri tukamfuata. Pikipiki tukaiacha chini kwa mama muuza mihogo, tukapanda kwa miguu, kisha kwa magoti, kisha kwa tumbo. Nyasi za kule zinachoma. Bujiku alikuwa anatukana kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayesali rozari.

Tukamwona. Agapiti alikuwa amekaa chini, hatua chache kutoka kwenye mdomo wa duara moja kubwa, na alikuwa ameligeuzia mgongo. Miguu ameinyoosha mbele, macho yanatazama njia, konokono pajani, mkono wa kulia umezama ndani yake. Hapigi. Amekaa tu. Ukimtazama ungesema ni mlinzi wa benki.

"Anaficha," Bujiku akanong'ona.

"Shh," akasema mtu mwingine.

Tuligeuka polepole. Kwenye nyasi pembeni yetu alikuwa amelala Mzee Donatus, kofia imeshuka usoni, na nyuma yake vijana wake kadhaa, wote kwa matumbo. Donatus hajawahi kukosa rashi. Dhahabu ikivuma mahali, watu wakakimbilia huko na masufuria yao, wakifika wanamkuta ameshajenga kibanda.

"Shikamoo, mzee," nikanong'ona.

"Marahaba. Lala vizuri, utamshtua." Akatikisa kidevu kuelekea kwa Agapiti. "Ile mashine naijua. Kuna mabwana walikuja nayo mwaka ule, ya kupimia dhahabu. Ina sahani ya chuma, unaipitisha juu ya ardhi, ikinusa kitu inalia. Ila ya kwao ilikuwa bapa. Hii ni ya kisasa, wameiviringa."

"Mzee, hilo ni tarumbeta la kanisani."

"Tarumbeta linapigwa kanisani," akasema Donatus. "Limefuata nini huku? Na mbona ameweka mkono ndani? Ndipo zilipo swichi."

Nikataka kumjibu, lakini wakati huohuo Agapiti akavuta pumzi na kupiga. Sauti moja, nene, ya chini. Ikaenda nyuma yake, ikaingia shimoni. Halafu akashusha konokono akakohoa kwenye kiwiko cha mkono, na sisi wote tuliolala kwenye nyasi tukasikia ardhi inaendelea. Si kwa nguvu. Ilikuwa inanguruma kule chini, ndefu, kama mtu aliyefunga mdomo anakubali jambo.

Mkono wa Donatus ukanishika bega. "Umesikia?" akasema. "Imejibu."

Mimi mwenyewe, mpiga konokono, nywele zilinisimama. Na sitadanganya, nilichowaza si muziki. Niliwaza: mbona hakutuambia sisi, wenzake wa kiti cha pili mpaka cha nne?

Mama Elieth tukampelekea habari kama alivyoagiza. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Na huyo mwanamke?" Tukasema hayupo. Akasema, "Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunakwenda mazoezini, makonokono mgongoni, ile siku ya Agapiti ya mwisho. Tukauona mlima umebadilika rangi. Watu. Kamba zimefungwa kwenye vijiti, kila mtu amejigawia kipande chake, moko, zile patasi za wachimbaji, na nyundo zinalia, na tayari kulikuwa na mama wa chapati na sufuria la maharage. Mahali pakipata mama wa chapati, huku kwetu pameshakuwa mgodi, hata kama dhahabu yenyewe haijapewa taarifa.

Tukageuza pikipiki.

Agapiti alikuwa katikati, watu wamemzunguka, kiroba amekikumbatia. Hawakumpiga. Walikuwa wanamsihi, na hilo linatisha zaidi.

"Kaka, onyesha tu mwamba unaelekea wapi. Tutakupa sehemu yako."

"Hakuna kitu, ndugu zangu."

"Kama hakuna kitu, siku zote hizi unakaa kufanya nini?"

"Napiga tarumbeta."

Wakacheka. Nyuma yao vijana wa Donatus walikuwa wameshaanza kuchimba, na udongo wanaoutoa walikuwa wanautupa kwenye lile duara la zamani, maana ndilo shimo lililokuwa karibu. Koleo la kwanza. La pili. Agapiti aliusikia udongo unavyoanguka kule ndani, akageuka, na uso wake ukabadilika.

"Msilifukie," akasema. "Chimbeni popote mnapotaka, chimbeni hata hapa nilipokaa. Ila hilo msilifukie. Nawaomba."

Kwa watu wa huku, hakuna ungamo lililo wazi kuliko lile. Donatus akavua kofia, akaishika kifuani.

"Haya," akasema, kwa upole wa daktari. "Sasa tumeelewana."

Nikamwambia Bujiku akimbie akamlete Mwalimu kabla mtu hajaingia shimoni kwenye magogo yale yaliyooza. Akarudi naye haraka, Mwalimu amekaa upande upande kwenye pikipiki, konokono lake kifuani, gauni limejaa vumbi. Alitazama kamba, akatazama chapati, akamtazama Agapiti.

"Baba Elieth. Mimi nakusubiri ukumbini, kumbe una mgodi."

"Sina mgodi, Mwalimu. Leo ni Jumamosi. Nisikilize hapahapa."

"Kwa nini hapa?"

Agapiti akatoa konokono kwenye kiroba. Mwalimu akakunja uso. Nilimwona anavyopiga hesabu: huyu ananifanyia mchezo, au watu hawa wamemnunua, au nini. Mwalimu wa sekondari amezoea kudanganywa, ana jicho lake la kazi hiyo.

"Wapige," Donatus akaamua, kama yeye ndiye askofu. "Wote wanne. Mashine zikiwa nne zitapima vizuri zaidi."

Tukakaa chini, mstari mmoja, migongo kwenye duara. Mbele yetu mlima mzima wa watu wenye masepetu, hakuna anayehema. Nimepiga harusini, nimepiga kwenye ujio wa askofu. Sijawahi kusikilizwa namna ile. Kila mtu alikuwa na uhakika kwamba tunamficha kitu, na hakutaka kipite bila yeye kukiona.

Tukaanza na pumzi tupu. "Mashine zinapashwa moto," akasema mtu.

Halafu sauti ya kwanza, ya pili ikaja kuisugua, na shimo likazichukua zote. Ukumbini kazi ile ilikuwa inasikika kama watu wanne wanaogombana kwa adabu. Pale ilikuwa kitu kingine. Zile sauti zilikuwa zinashuka, zinakutana chini, zinarudi zikiwa zimeshakubaliana. Mama wa chapati aliacha chapati ikaungua.

Tukafika mwisho. Mimi nikanyamaza, Bujiku akanyamaza, Mwalimu akanyamaza. Akabaki Agapiti na noti yake. Ikaja, ikasimama, ikaanza kupungua. Haikukatika. Nikageuza shingo kumtazama kwa furaha, na ndipo nilipoona: midomo yake ilikuwa imeshaachana na konokono. Amefunga macho, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Noti bado ipo. Inaendelea yenyewe kule nyuma yetu, inapungua kidogo kidogo, na hata sasa siwezi kukuambia iliisha lini.

Mwalimu pia alikuwa ameona. "Uliachia mapema," akasema, taratibu, watu wasisikie.

"Mapema, Mwalimu."

"Si mafua."

"Ni karasha," akasema Agapiti. "Ukumbini nikiishiwa pumzi, inakufa. Hapa haifi. Nilitaka niisikie nzima kabla Gregory hajaja."

Kutoka nyuma ya watu akajitokeza Mama Elieth, kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya vita alivyokuja kupigana. Alipita, akasimama kwenye ukingo, akachungulia chini kwa muda.

"Kumbe mwenyewe ndiye huyu," akasema. "Shimo." Akamgeukia mumewe. "Jumatatu tunakwenda hospitali ya Kolandoto wakakupige picha hicho kifua. Na usiniambie sawa."

Agapiti akaanza kurudisha konokono kwenye kiroba. "Mpigie Gregory, Mwalimu. Ukumbini hakuna shimo."

Mwalimu alishika simu yake, hakupiga. Akanitazama mimi, na sikupenda alivyonitazama.

"Kamili. Noti ile unaiweza? Chini kwa chini, mtu asijue umeingia?"

"Mimi ni kiti cha nne, Mwalimu. Maisha yangu yote hakuna anayejua nimeingia."

"Basi kesho wewe ndiye shimo. Yeye anaianza, wewe unaingia chini yake. Akiachia, unabaki."

"Na watu wakiniona?"

"Watamtazama wa kwanza," akasema. "Wewe nani anakutazama?"

Bujiku alicheka mpaka akapaliwa. Agapiti hakucheka. Alinitazama tu, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayekabidhiwa kamba ya kushukia duarani na hajui nani aliisokota.

Siku ya jubilei ukumbi ulijaa. Mzee Donatus alikuja, amevaa koti, na hakukaa mbele na wageni. Alizunguka akaweka kiti chake nyuma yetu, nyuma yangu hasa, karibu na ukuta, akakaza macho kwenye mkono wangu ulioko ndani ya konokono. Mlimani walikuwa bado wanachimba. Alisema sisi tumefanya maonyesho ya kuwapoteza watu maboya, na yeye hapotezwi.

Tukapiga. Katekista safari hii hakuuliza. Tukafika mwisho, Bujiku akanyamaza, Mwalimu akanyamaza, mimi nikajifanya nimenyamaza. Agapiti akaanza noti yake. Nikaingia chini yake, taratibu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Nilimsikia anavyopungua. Nilisikia pumzi yake inavyofika mwisho, ile kamba ilipokuwa inakatikia kila mara.

Akaachia. Midomo haikutoka kwenye konokono, hiyo alikuwa amejifunza. Lakini jicho lake la kulia liligeuka mpaka pembeni kabisa, likanikuta. Nimemshuku mtu yule wiki nzima, nimelala kwenye nyasi kwa ajili yake. Sasa alikuwa ananirudishia yote kwa jicho moja. Kiti chake, shati lake safi, vyote vilikuwa kwenye kifua changu mimi, mchekeshaji wa kijiweni, na hakuniamini hata kidogo.

Nikaishikilia. Nikaipunguza. Nikaipunguza tena. Nyuma yangu nilimsikia Donatus anasogeza kiti karibu, ananyoosha shingo kuchungulia ndani ya tarumbeta langu, na pembeni yangu jicho la Agapiti halikutoka kwangu. Halikutoka mpaka pale ambapo hata mimi niliyekuwa naipiga sikujua tena kama bado ninaipiga.